Dada, moyo wangu si jiwe

Dada, shikamoo.

Nimeambiwa baba mdogo hasikii tena harufu, na watoto wanampa maziwa yaliyochacha waone kama atayanywa. Wakanye. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Uzee peke yake hupunguza pua, lakini ugonjwa wa Parkinson nao huanza hivyo kwa wengi, miaka mingi kabla mkono haujatetemeka. Mtungi wa gesi asiachiwe peke yake. Akisusa chakula, msiseme anadeka: ulimi unajua chumvi, sukari, ndimu, shubiri na ule ukolezo wa supu, basi. Raha nyingine yote ya samaki wa kupaka ni ya pua. Mimi nami pua iliponipotea, wali wako wa nazi niliula kama natafuna pamba, nikakonda, nikawa naogaoga nikidhani nanuka, nikaacha kwenda harusini. Mkaniita mwenye maringo.

Sasa lile. Siku ya kuanua tanga, pale Ngamiani, ulitoa kanga ya mama, kile kisutu chake, ukanibandika usoni mbele ya mashangazi. "Nusa, mama bado yumo." Wote wanalia. Mimi nikaona wekundu, nikaona pindo lilipofumuka, nikasikia joto la kiganja chako. Mama sikumpata. Na ulijua, dada. Korona iliponiondolea pua wewe ndiye niliyekupigia wa kwanza. Ukaikunja kanga: "Huyu moyo wake jiwe."

Ulimuuguza mama peke yako, Mungu atakulipa, mimi siwezi. Lakini sikiliza nilivyoelezwa hospitali. Habari za macho na masikio hupita kwanza talamasi, katikati ya ubongo. Harufu haipiti huko. Inakwenda moja kwa moja amigdala, penye hisia, na jirani ya hipokampasi, penye kumbukumbu. Ndiyo maana udi ukifuka wewe machozi yanakutoka kabla hujajua unalia nini. Kwangu njia hiyo ilikatika. Nililia peke yangu usiku, niliposikiliza sauti yake kwenye simu, na hukuwepo kuhesabu machozi.

Mwanzishe baba mdogo mazoezi, daktari akiafiki: waridi, limau, karafuu na mkaratusi, anuse asubuhi na jioni, wiki 12 au zaidi. Si wote wanaopona. Mimi karafuu imeanza kunijia, kwa mbali.

Ulinisema mbele ya watu, nami nimekujibu mbele ya watu. Mashangazi nao wasome. Kisutu nipe Idi hii, hata kipande.