Wazee wa bandari warekodiwe kabla hawajaisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalohusu miji yetu ya pwani ya kusini, hasa Mikindani, Mtwara na Lindi. Gati jipya la Mtwara limeshaanza kazi, korosho zinapakiwa hapahapa badala ya kusafirishwa kwa malori hadi Dar es Salaam, na kule Kisiwa-Mgao unaendelea mradi wa bandari nyingine ya makaa ya mawe na shehena za aina hiyo. Kilwa Masoko nako kuna bandari ya uvuvi. Tumeyapokea haya kwa mikono miwili, maana kusini tumesubiri sana. Ombi langu ni kwamba wakati zege likimwagwa, pawepo pia watu waliopewa kazi rasmi ya kukusanya habari za bandari zilizotangulia, kutoka kwa wale waliozifanyia kazi, kabla hawajaisha.

Nikisema kabla hawajaisha, namaanisha hivyo hivyo. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilianza kazi mwaka 1954. Kijana aliyeajiriwa ukuli mwaka ule akiwa na miaka 18 leo ana miaka kama tisini. Bandari ile, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea, zilizaliwa na mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Karanga zilishindikana, mpango ukavunjwa 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36, na reli nayo ikafungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Hasara ya Waingereza imeandikwa sana, tena kwa kina. Ila kuli alilipwa nini kwa siku, alilala wapi, nani aliumizwa na winchi na nani alimzika, hayo ukitaka kuyajua sharti umkute mzee barazani na umkute akiwa na nguvu za kuzungumza. Hali kadhalika habari za Mikindani na Lindi meli zilipowahama. Huko meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, mizigo inashushwa kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea shehena, na mashua, na familia nyingi zilikula kwa kazi hiyo. Kazi ilipohamia Mtwara baadhi walihama nayo, wengine walirudi kwenye minazi na uvuvi. Hayo ni mabadiliko makubwa ya maisha ya watu, na wanaoyakumbuka ni wachache sana.

Sisemi kwamba hakuna kilichohifadhiwa. Mikindani tunacho kibao kinachomtaja David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiingereza, aliyeshuka katika ghuba yetu mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Tunalo Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, ni shirika la Kiingereza la Trade Aid lililolifufua likiwa limechakaa vibaya. Mgeni akija anaonyeshwa hayo mawili, halafu jengo linaloitwa soko la watumwa, anapiga picha na kuondoka. Yaani tumemhifadhi mpita njia na tumemhifadhi mtawala. Chuma na Susi waliokuwa na Livingstone majina yao yanajulikana duniani kwa kuwa waliubeba mwili wake hadi pwani. Watu wa Mikindani waliompokea, wakamuuzia chakula na kumwelekeza njia ya Ruvuma, nani anawajua?

Lindi ni vilevile. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria pale Tendaguru. Wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hivi, hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin, zaidi ya tani 200. Sehemu ya mifupa hiyo imeunganishwa kuwa kiunzi kimoja, kimesimama kule kwenye jumba la makumbusho, kimo chake mita 13 na ushei. Kila mwaka tunasikia mjadala wa kurudishwa kwake, na mimi naunga mkono mjadala huo. Lakini Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji wale, mwenyeji wa huku, Lindi anajulikana na wangapi? Na wale mamia waliobeba? Wajukuu wao wapo. Wengine wanaishi kwenye njia ileile iliyopitiwa na mizigo. Hiyo ni kazi tunayoweza kuifanya wenyewe leo bila kungoja Berlin ikubali lolote.

Nieleze kilichotokea mtaani kwetu, ili anayesoma aelewe hasara ninayoizungumzia. Alifariki mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi. Baada ya arobaini nyumba ikasafishwa na kasha lake likafunguliwa. Mlikuwa na leseni za chombo, risiti za ushuru wa forodha, na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingine zikitoka Ibo kule Msumbiji na Ngazija kule Komoro. Zilichomwa uwani pamoja na majani ya mwembe. Vijana wale hawakuwa na ubaya wowote, hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba zile karatasi ni mali. Kilichosalia ni daftari moja, kwa kuwa mjukuu alikuwa ameshalichukua la shule. Nimelishika mkononi. Upande wa kushoto wa ukurasa ni hesabu ya boriti za mikoko na magunia ya chumvi kwa wino uliofifia, upande wa kulia ni hesabu za kugawanya za darasa la nne, na alama nyekundu ya mwalimu.

Watu wa pwani hii hawakuwa watu wasioandika. Mwaka 1907 Mjerumani Carl Velten alichapisha maandiko ya Kiswahili aliyoyakusanya kwa wenyeji wa pwani, na ndani yake mna habari za Lindi na za Sudi. Kwa kuwa ziliandikwa, zipo hadi leo. Lakini mtoto wa Sudi akitaka kuzisoma atazitafutia mbali na kwao, wakati zilisimuliwa na watu wa kwao. Ningependa nakala ya maandiko yale iwekwe katika kila shule ya sekondari ya pwani kuanzia Kilwa hadi Msimbati. Gharama yake ni karatasi na mashine ya kunakili.

Kuna suala la sheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kilichojengwa baada ya hapo kinahitaji kutangazwa na Waziri. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia katika Urithi wa Dunia tangu 1981, yana ulinzi wake. Lakini sehemu kubwa ya kinachoonekana katika bandari zetu, maghala ya Wahindi, nyumba zenye roshani za mbao, ofisi za forodha, matuta ya reli ya karanga, ni ya baada ya 1863. Nyumba ya aina hiyo ikianguka ukuta mmoja, mwenye nyumba anauza mlango wa nakshi kwa mnunuzi anayepita, anapata fedha za mabati, na hakuna wa kumuuliza. Simlaumu. Halmashauri zetu ndizo zinazopaswa kuandaa orodha ya majengo na kuipeleka kwa Waziri, mtaa kwa mtaa, kabla ya wanunuzi wa viwanja kuimaliza kazi.

Majengo walau yanaonekana yakianguka. Kazi za mikono zinatoweka bila mtu kushtuka. Nendeni mkamtazame fundi anayekalafati mashua pale ufukweni Mikindani. Anaisokota pamba juu ya paja, anaipaka mafuta, anaishindilia katikati ya mbao mbili kwa patasi butu, na kila pigo analisikiliza. Mlio ukiwa mzito, pamba imekaa, ukiwa mwembamba anaongeza nyingine. Nilimuuliza fundi mmoja alifundishwa na nani, akanitajia baba yake, mjomba wake na mzee mmoja wa Sudi. Nikamuuliza yeye anamfundisha nani. Akasema wanawe wote wanaendesha bodaboda. Kuna pia majina ya miamba na ya vilindi vya kuvulia samaki, alama za nchi kavu ambazo manahodha walizilinganisha ili kuingia ghubani usiku, na hesabu za bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana na siku ambazo hupungua nguvu. Hayo hayamo katika ramani yoyote niliyoiona, na wenye kuyajua hawajapata kuulizwa na mtu mwenye kalamu.

Kwa anayeona haya ni mambo ya kujifurahisha wazee, nimkumbushe kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Wengi mtaani walisema huku kwetu hakujawahi kusikika kimbunga. Kumbe Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na kikaua watu. Wapo waliokuwa watoto siku ile wanaoweza kuonyesha kwa kidole maji yalifika wapi na nyumba zipi zilisimama. Mhandisi anayejenga ufukweni leo anahitaji kumsikia mtu huyo.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu, maana bila hiyo tutakuwa tunapamba. Utajiri wa kale wa bandari zetu ulikuwa pembe za ndovu, sandarusi (utomvu mgumu wa miti), mpira wa porini na ufuta. Ulikuwa pia watu. Misafara kutoka upande wa Nyasa ilishukia Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani ikiwa na binadamu waliofungwa. Wapo wazao wa waliouzwa na wazao wa waliouza, wanaishi mtaa mmoja, wanaswali msikiti mmoja na wameoana. Ndiyo maana pana ukimya, na ukimya huo una heshima ndani yake. Nawasihi watakaokuja kurekodi wasimuulize mtu mbele za watu babu yake alikuwa nani. Wasikilize anachotaka kusema, akitaka jina lake lifichwe lifichwe, akitaka kinasa sauti kizimwe kizimwe. Lakini pia tusikubali vijana wasimuliwe Mikindani ya biashara na milango mizuri tu, kama kwamba mizigo ilijileta yenyewe kutoka bara.

Na akina mama waulizwe. Kila mara watu wa utafiti wakija wanapelekwa kwa wazee wa kiume waliokaa barazani, chai inaletwa, mazungumzo yanaishia hapo. Waliokuwa wakipika na kuuza chakula kwa makuli, waliojua nani amekopa na nani amekimbia deni, waliongojea majahazi yaliyochelewa kaskazi nzima, ni wanawake. Bibi mmoja alinieleza kwa kutaja vyakula tu mfuatano mzima wa meli zilizokuwa zikija: wali ulipikwa meli ipi ikifika, na siku za muhogo zilikuwa zipi.

Ninachoomba hakihitaji mamilioni. Manispaa ya Mtwara-Mikindani na ile ya Lindi kila moja imwagize ofisa utamaduni wake aanze na wazee waliovuka miaka 80. Vyuo vilivyopo hapa vina wanafunzi wenye simu nzuri na likizo ndefu. Wafundishwe kuuliza, kuandika tarehe, mahali na jina, na kumwachia msimuliaji nakala yake. Karatasi na picha za majumbani zipigwe picha palepale, asili yake ibaki kwa wenyewe, tusiige tabia ya kuchukua vitu vya watu na kutorudi. Nakala moja iende Nyaraka za Taifa, nyingine ikae hapa. Mamlaka ya Bandari, ambayo imejenga gati kubwa na inaendelea kujenga, itupatie chumba kimoja chenye paa zima na meza, iwe Mtwara mjini au Mikindani, na mradi wa Kisiwa-Mgao utenge fungu dogo la kuwasikiliza wenyeji wa pale kuhusu Mgao ya zamani, kabla mitambo haijazoea ardhi ile. Ushuru wa korosho unaokusanywa na halmashauri kila msimu hauwezi kushindwa kumlipia mtu mmoja mshahara wa kutunza chumba hicho.

Mimi nimeshaanza na wazee wa mtaani kwetu. Sauti zao zimo kwenye simu yangu na kwenye kompyuta ya mwanangu, mahali ambapo si salama hata kidogo. Siku chumba kitakapopatikana nitazikabidhi zote, pamoja na lile daftari la hesabu, maana familia yake imeridhia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Magengeni, Mikindani,
Mtwara.