Majani kwanza, ng'ombe baadaye

Pongwe, Tanga
2 Februari 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, ila jua la mwezi huu halina huruma. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwamba wewe na shemeji mnataka kufuga ng'ombe wa maziwa kwenye zile ekari 3 za Mkanyageni, nimefurahi sana. Kwamba mtu anawauzia mitamba 2 mwezi huu huu, hapo moyo umenishtuka. Nakuomba msinunue sasa.

Hamna majani. Ng'ombe wa kilo 400 anataka kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku, na maji lita 60 hadi 80, akiwa na maziwa mengi huzidisha. Wawili ni kilo 90 za kukata, kubeba na kukatakata, na ndoo 7 au 8 za lita 20, Idi na isiyo Idi. Februari nyasi za barabarani zimekauka, mtajikuta mnanunua majani kwa mtu ambaye naye hana ya kumtosha. Ng'ombe akishakonda kabla ya kuzaa, maziwa ya uzao mzima yameondoka. Hata ukimlisha vizuri baadaye hakurudishii.

Masika yakianza Machi, pandeni majani ya tembo. Tafuta vipando vilivyokomaa, kila kimoja na vifundo 3, uvichomeke kwa kulalia, vifundo 2 ardhini na 1 juu. Mstari hadi mstari sentimita 90, shimo hadi shimo 60. Ekari moja inakula vipando kama 7,500, kwa hiyo anza kuulizia vipando leo. Yatakuwa tayari baada ya miezi 3 au 4, yakifika urefu wa mita moja. Baada ya hapo unakata kila wiki 6 hadi 8, ukiacha kisiki cha sentimita 5 hadi 10, na ukishakata mwaga samadi palepale. Ukiyaacha yakapita kichwa cha mtu yanakuwa miti: ng'ombe anachambua majani, shina analiacha kwenye hori, na wewe unadhani ameshiba kwa kuwa hori halijaisha.

Kwenye mpaka wa shamba pandeni miti ya malisho, lusina na gliricidia. Hizo ndizo nyama na maharage ya ng'ombe. Lusina isizidi theluthi ya lishe, ina sumu inayomdhuru akila nyingi mfululizo.

Halafu wekeni akiba ya kiangazi. Siku 60 za kumlisha ng'ombe mmoja sileji, yaani majani yaliyovundikwa, kilo 30 kwa siku, ni kilo 1,800, yaani shimo la mita za ujazo kama 4. Majani yakatwe, yanyauke nusu siku, yakatwekatwe vipande vya sentimita 2 au 3, yanyunyiziwe molasi kilo 3 kwa kila kilo 100, kisha yashindiliwe tabaka kwa tabaka hadi mguu usididimie. Hapo kwenye kushindilia ndipo watu wanapochoka na kuharibu. Hewa ikibaki ndani, ukungu unaingia na ng'ombe anaharibika tumbo. Funika kwa nailoni, weka udongo juu, usifunue kabla ya siku 30. Sileji nzuri inanukia uchachu kama wa matunda na rangi yake ni ya kijani iliyofifia. Ikinuka uozo, itupe.

Mkifuata hivyo, Agosti mnanunua mtamba. Mmoja, shoga yangu, si wawili. Awe chotara, maana ng'ombe wa kizungu halisi kwa joto hili la pwani anahema mchana kutwa badala ya kula. Awe na mimba ya miezi 6 au 7 iliyopimwa na mtaalamu, mbele ya macho yenu. Mimba ni siku 280 hivi, kwa hiyo atazaa vuli majani yakiwa mengi.

Muulize muuzaji kama amechanjwa ndigana kali, na uione hereni ya chanjo sikioni. Ukanda wetu huu ndigana kali ndiyo inayofilisi watu. Inaletwa na kupe wa kahawia anayekaa ndani ya sikio, na dawa ya bomba la kubeba mgongoni haifiki humo. Watu wanapulizia mgongo na mbavu, ng'ombe analoa, wanaridhika. Wewe kamata sikio, likunjue, paka dawa kwa brashi ndani hadi kwenye mikunjo, kisha chini ya mkia na katikati ya miguu. Kila wiki. Dawa ichanganywe kama kibandiko kinavyosema, kwani anayeipunguza ili ikae muda mrefu anawafundisha kupe kuizoea. Siku ukimkuta tezi zimevimba chini ya sikio au mbele ya bega, hali vizuri, ana joto zaidi ya nyuzi 40, mwite daktari wa mifugo saa ileile. Akianza kukohoa na kutoa povu puani, mmechelewa.

Kukamua ni jambo la mikono safi na saa isiyobadilika. Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha matone ya kwanza ya kila chuchu kamulia kwenye kikombe cheusi. Tazama vizuri. Ukiona chembe kama za jibini au uzi wa damu, hiyo chuchu ina ugonjwa wa kiwele, ikamuliwe mwisho na maziwa yake yasichanganywe. Ukimaliza, chovya chuchu zote kwenye dawa ya ayodini na umpe majani, asilale chini mpaka matundu ya chuchu yajifunge. Akichomwa sindano ya antibayotiki, maziwa yasiuzwe wala yasinywewe mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe, hata kama mama mkwe anasema yanaonekana mazuri. Chombo kiwe keni ya aluminiamu. Dumu la plastiki lina mikwaruzo isiyosafishika, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa yatakatika kwenye kipimo cha spiriti na utarudi nayo nyumbani. Laktomita, kile kifaa cha kupima uzito wa maziwa, isome 26 hadi 32. Chini ya hapo watasema umetia maji, na mtoto aliyesuuza keni bila kuikausha ndiye atakayewatia aibu.

Sasa hesabu. Tuseme anatoa lita 10. Ndama anakunywa 4, nyumbani 2, zinabaki 4 za kuuza. Miezi 2 ya kwanza ndiyo hali hiyo, na hapo ndipo familia nyingi zinapogombana, kwa sababu shemeji alishapiga hesabu ya lita 10. Ndama msimnyime. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, aipate ndani ya saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, kitovu kipakwe ayodini, na aachishwe maziwa akifika miezi 3. Mama naye, zaidi ya majani, apate kilo 1 ya chakula cha nguvu kwa kila lita 2 au 3 zinazozidi zile 5 za kwanza. Kwa kilo 100 changanya pumba za mahindi 70, mashudu 27, madini 2 na chumvi 1.

Kila lita iandikwe: ya asubuhi, ya jioni, iliyouzwa, ya ndama, iliyonywewa, na ile mama mkwe aliyowapelekea majirani. Moyo wake wa kutoa ni mzuri, usimkataze, andika tu, kwa bei ileile ya kituoni. Na kijana wa wifi yako anayekata majani alipwe kila mwezi. Msimwambie "ni ng'ombe wetu sote" halafu pesa zishikwe na mmoja. Kijana huyo akikata tamaa, ng'ombe analala njaa nanyi mtadhani anaumwa.

Ukurasa mwingine uwe wa uzazi. Ng'ombe huja joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 21, na joto hilo halimalizi siku. Akiwa peke yake hana wa kumpanda, kwa hiyo tazama ute mwangavu kama wa yai, na kulia bila sababu. Ukimwona asubuhi, mhimilishaji, yule mtaalamu wa kupandikiza mbegu, aje jioni. Ukimwona jioni, aje kesho asubuhi. Ashike mimba kabla ya siku 90 tangu azae, naye aachwe kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa tena. Kila joto linalokupita ni wiki 3 za majani, maji na mshahara bila kitu.

Mwanaidi, faida ipo. Samadi ya ng'ombe mmoja ni kilo 20 na zaidi kwa siku, na ile michungwa yenu iliyochoka itaipokea vizuri. Watoto watakunywa maziwa. Na pesa ya maziwa inakuja mwaka mzima, wakati ya machungwa inakuja kwa msimu na dalali akiwa mlangoni.

Pimeni kwanza ile ekari ya bondeni, karibu na kisima, mniambie mmeifyeka lini. Nitaulizia vipando hapa Pongwe, vije na gari la Muheza wiki ya kwanza ya mvua.

Msalimie shemeji, na mama mkwe mbusie mkono.

Shoga yako,
Zaina