Muuguzi wa VVU apimwe akiwa na mteja, si kwa cheti cha semina

Ndugu Mhariri,

Mafunzo ya wauguzi wanaohudumia watu wanaoishi na VVU yamekuwa ya ukumbini mno. Muuguzi huonyeshwa majina ya dawa na majedwali ya dozi, hujibu mtihani wa karatasi, hupewa cheti. Akirudi kliniki, kazi inayomngoja ni ya masikio, mikono na hesabu ndogondogo, na hakuna aliyewahi kumtazama akiifanya. Sisi tunaofundisha wauguzi tunaomba hili libadilike, na tunaeleza kwa nini.

Chukua swali la kila siku: "Unameza dawa vizuri?" Jibu ni "ndiyo", kwa sababu swali lenyewe limeshalitaja jibu, na mteja hataki kugombezwa. Muuguzi anayeijua kazi huanza kwa kumwondolea aibu: "Watu wengi hupitiwa na dozi. Kwa siku 7 zilizopita, wewe ulipitiwa mara ngapi?" Kisha huuliza habari za jana tu: ulimeza saa ngapi, ulikuwa wapi, kopo lilikuwa wapi. Hapo ndipo hutoka kwamba mtu alisafiri akaacha dawa nyumbani, au kwamba anazificha kwa kuwa mwenzi wake hajui. Baada ya kuuliza, muuguzi anyamaze. Wengi hukosea hapo hapo: mteja anavuta pumzi aseme, muuguzi anamkatiza kwa nasaha, na lililokuwa linakuja halitoki tena.

Maneno yakiisha, vidonge vihesabiwe kwenye trei safi mbele ya mwenyewe. Aliyepewa vidonge 90 akarudi baada ya siku 84 anapaswa kubaki na 6. Akiwa na 20, amerukwa na dozi 14. Amemeza 70 kati ya 84, takriban asilimia 83. Kosa tunaloliona sana ni kusahau masalio ya mara iliyopita. Mtu alikuwa na vidonge 10 nyumbani, akapewa 90, amemeza kila siku bila kukosa, sasa amerudi na 16. Muuguzi asiyejumlisha yale 10 atamwambia ameruka dozi 10, atamkemea, na safari ijayo mtu huyo ataacha vidonge nyumbani aje na kopo tupu. Kopo tupu nalo lisimridhishe muuguzi upesi, maana huenda vidonge viligawanywa kwa mwenzi aliyeishiwa.

Kipimo cha wingi wa virusi kikizidi nakala 1,000 kwa mililita, huanza ushauri nasaha wa kina, kisha kipimo kinarudiwa baada ya miezi 3. Kwa anayetumia dolutegraviri, moja ya ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya VVU, mara nyingi chanzo ni dozi zilizorukwa kuliko virusi kuwa sugu. Kuna pia dawa zinazogongana, na muuguzi asiyezijua humlaumu mteja bure. Madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hushikamana na dolutegraviri tumboni, mwili ukashindwa kuifyonza. Mjamzito hupewa vidonge vya chuma kliniki hiyo hiyo, wakati mwingine dirisha hilo hilo. Mwongozo unasema ameze ARV saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake, au ameze vyote pamoja na chakula. Lakini maneno "saa 2 kabla, saa 6 baada" yakisemwa kwa haraka, wapo wanaoelewa saa 2 asubuhi na saa 6 mchana. Ni salama zaidi kumpangia siku yake: vidonge vya chuma asubuhi baada ya chai, ARV usiku kabla ya kulala. Kisha yeye mwenyewe arudie kwa maneno yake, muuguzi akisikiliza. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini anahitaji miligramu 50 za dolutegraviri mara 2 kwa siku, zikipishana saa 12, na aendelee hivyo wiki 2 baada ya rifampisini kwisha. Kidonge hicho cha pili ndicho hukatwa mapema, siku ile ile anapomaliza dawa za kifua kikuu.

Upande wa mikono, sampuli ya damu kavu, yaani matone yanayokaushwa kwenye kadi ya karatasi yenye maduara ili kumpima VVU mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, ndiyo inayotuumiza zaidi. Inachukuliwa akiwa na wiki 4 hadi 6, na ikikataliwa maabara mtoto hupoteza wiki nyingine. Bila matibabu, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Kisigino kipashwe joto kwanza, kisafishwe kwa spiriti, na spiriti ikauke kabisa. Achomwe pembeni mwa kisigino, si katikati. Tone la kwanza lifutwe. Tone linalofuata liachwe likue lenyewe, liguse karatasi mara moja na kulijaza duara. Kisigino kikikamuliwa kwa nguvu, maji ya mwilini huchanganyika na damu na kuipunguza uzito. Tone likiongezwa juu ya tone, damu huganda kwa tabaka. Kadi ikauke ikiwa imelala, angalau saa 4, mbali na jua na vumbi, wala isipangwe juu ya nyingine. Ndipo ifungwe kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Mara nyingi kadi inayorudishwa ilifungwa ingali mbichi kwa sababu dereva wa sampuli alikuwa anasubiri nje.

Mama huyo huyo hupewa nevirapini ya maji, dawa ya kunywa ya kumkinga mtoto na VVU. Aliyezaliwa na kilo 2.5 au zaidi hupata mililita 1.5 mara 1 kwa siku, yenye miligramu 10 kwa kila mililita. Bomba la sindano litiwe alama ya kalamu kwenye 1.5, na mama avute dawa mwenyewe mbele ya muuguzi kabla hajaondoka.

Yapo pia ambayo mteja huyaona kabla hatujafungua mdomo. Muuguzi anayevaa glavu kumpima huyu presha, halafu akampima jirani yake mikono mitupu, ameshatangaza habari za mtu. Glavu ni kwa ajili ya damu na majimaji ya mwili, kwa kila mgonjwa. Akijichoma sindano, aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, atoe taarifa, aanze dawa kinga mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72, azimeze siku 28. Na mteja ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo aambiwe waziwazi kwamba hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Wauguzi wanalijua hili lakini wanaogopa kulitamka, wakidhani watu wataacha dawa. Kumnyima mtu habari hiyo ni kumnyima sababu kubwa ya kuendelea kumeza.

Tunachoomba ni hiki. Kila muuguzi, kabla ya kuachiwa kliniki peke yake, atazamwe na mkufunzi akiwahudumia wateja 3, kwa ridhaa yao: mmoja anayeanza dawa, mmoja ambaye virusi vyake vimepanda, na mama mwenye mtoto mchanga. Arudiwe baada ya miezi 3. Asihamishiwe wodi nyingine mwezi ule ule aliohitimu, kama inavyotokea mara kwa mara. Na chumba cha kuhesabia vidonge kiwe na mlango unaofungwa.

Wakufunzi wa wauguzi, huduma za VVU