Vijana wa kiume nao wafungwe ule mkanda wa kupimia presha

Mhariri,

Nauza kwenye duka la dawa hapa Mbagala, jirani na kijiwe cha bodaboda. Juu ya kaunta nina mashine ya presha, kupima shilingi 500. Wateja wake ni kinamama watu wazima na wastaafu. Kijana akikaa kwenye kile kiti, ujue anakimbia mvua.

Juzi kati alikaa dereva mmoja, hata thelathini hajagonga, kaja kununua dawa ya kichwa. Ikasoma 168 kwa 104. Akacheka: “Dada, mashine yako imechoka. Presha nitoe wapi na mke mwenyewe sina?” Nikamwambia atulie dakika tano, aegemee kiti, asikunje nne, simu aweke pembeni. Ikasoma 164 kwa 102. Hakucheka tena. Kuanzia 140 kwa 90 ni ya juu, ila kipimo cha siku moja hakitoshi, nikamwandikia aende zahanati. Huko alipimwa tena, akaanzishiwa vidonge. Sasa ananiuliza dozi inaisha lini, kama vile ya malaria!

Msichana wa rika lake akishika mimba, kila hudhurio la kliniki anapimwa presha. Yeye nani atampima? Kliniki hana, na presha yenyewe mara nyingi haiumi popote. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne wa miaka 25 hadi 64 anayo. Kumbe tunaiita ya wazee kwa mazoea tu. Halafu presha ikimletea kijana kiharusi, akapinda mdomo na mkono ukalegea, mtaani wanasema kapigwa jini, anazungushwa kwa waganga huku saa za kumwokoa zinapita.

Ombi langu ni kwa mganga mkuu wa manispaa yetu. Vijiwe vina wenyeviti na orodha ya wanachama. Tumeni muuguzi na mashine saa kumi na mbili asubuhi, wakati wanafuta pikipiki na abiria bado hawajajaa. Baada ya hapo hamtawapata, kila mtu yuko barabarani anasaka hesabu ya bosi.

Muuza dawa,
Mbagala, Dar es Salaam