Jumamosi: kupima kichocho kwa simu, muda umebadilika

Assalaam alaykum ndugu zangu. Zoezi letu lipo pale pale skuli, ila sasa tunakutana saa 3:00 asubuhi, si saa 1:30. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Tukikusanya mapema mno tutawakosa wenye ugonjwa.

1. Njoo na simu iliyojaa chaji. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu, maana alama ya kidole tu inatia ukungu picha nzima. Lenzi ya kukuzia mayai na selotepu ya kuibandika kwenye kamera zipo.
2. Mchango wa chai ni sh. 2,000, umfikie mshika fedha Alhamisi.
3. Majina ya watoto hayaandikwi humu kabisa. Tumieni namba ya kopo.

La nne naliomba sana. Utafiti uliofanywa hapa hapa Pemba na kuchapishwa 2013 ulipima choo kwa simu yenye lenzi: kati ya wenye minyoo mikubwa ya mviringo simu iligundua asilimia 81, na kati ya wenye safura asilimia 14 tu. Sisi tunapima mkojo, lakini tahadhari ni ile ile. Simu isipoonesha mayai, usimwambie mzazi kuwa mwanawe mzima. Makopo yote yatakwenda maabara kuhakikiwa kwa hadubini, na majibu yatatoka huko.

Atakayekuja aandike NIPO hapa kabla ya Alhamisi saa 12 jioni. Mwenye udhuru pia aseme, tumtafute wa kushika nafasi yake. Ahsanteni sana.