Barua ya wazi kwa vijana wa redio za jamii: mstari wa tatu sitautia saini

Wanangu,

Mmeniamkia katika ujumbe wenu, nami naitikia marahaba. Waraka mlionitumia nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi, tayari kutia saini. Nikakwama kwenye mstari wa tatu, pale mlipoandika kwamba serikali ijiondoe kabisa katika utangazaji na iwaachie wenye makampuni wajiendeshe wenyewe. Nimeona nisiwajibu mmoja mmoja kwa simu. Nawajibu hadharani, maana jambo hili haliwahusu ninyi peke yenu, na kwa kuwa nawapenda sitaki mje mshindwe katika dai ambalo nusu yake ni haki tupu.

Hasira yenu naifahamu. Nilianza kazi ya ufundi mitambo wakati Tanzania Bara ikiwa na redio moja tu, ya serikali. Ukifungua redio ni hiyo, ukizima ni hiyo. Sheria ya utangazaji ilipobadilishwa mwaka 1993, na mwaka uliofuata Radio One na ITV zikaanza kusikika, watu wazima walikaa na redio mapajani wakizungusha kitufe huku na huko ili wahakikishe kweli sasa kuna sauti mbili. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba natamani turudi kule.

Lakini kabisa? Neno hilo “kabisa” ndilo linalonizuia.

Tuanze na jambo la kifundi ambalo wanasheria wenu huenda wameliruka. Redio zetu za FM zinabanana kati ya 88 na 108. Nafasi hiyo haiongezeki kwa sababu mtu ana fedha. Niliwahi kupelekwa kisiwani kuangalia kwa nini wavuvi hawapati taarifa ya hali ya hewa. Nikakaa nao mwaloni alfajiri, redio ya betri ikining'inia kwenye nguzo ya kibanda. Kwenye namba ileile zilikuwa zinagombana sauti mbili: huku msomaji anataja upepo, huku mtu mwingine, mwenye mtambo wake usio na leseni, anapiga muziki. Neno moja la upepo, maneno mawili ya wimbo. Wavuvi wakaangaliana, wakasukuma mitumbwi yao wakaenda. Bila mtu wa kusema namba hii ni ya fulani na namba ile ni ya fulani, anayebaki hewani ni mwenye transmita kubwa kuliko wenzake, na huyo hamtakuwa ninyi wenye paneli mbili za sola na mnara wa mabomba.

Hilo ni dogo. Kubwa lilitokea jirani yetu. Julai 1993, Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kurusha matangazo. Wengi husahau kwamba ilikuwa kampuni binafsi, yenye wanahisa, iliyouza hisa zake kwa watu. Waziri wa habari wa wakati ule, Faustin Rucogoza, aliwaita viongozi wake Novemba 1993, akawaita tena Februari 1994, akawaonya juu ya chuki waliyokuwa wakiipanda. Walimsikiliza na kuendelea, kwa sababu nyuma yao walikuwapo wakubwa kuliko yeye. Aprili 1994, mauaji yalipoanza, Rucogoza alikuwa miongoni mwa waliouawa siku za mwanzo. Kesi ya waasisi wa redio hiyo ilisikilizwa hapa kwetu, Arusha, na hukumu ikatolewa Desemba 2003. Ukiipitia habari ile unaona waziri aliyekuwa na onyo mkononi lakini hana meno, na kampuni binafsi iliyojiendesha yenyewe hadi ikawa inataja watu wa kuuawa. Naomba kila mmoja wenu, kabla ya kuandika tena neno “kabisa”, amkumbuke waziri yule.

Sasa niwaeleze mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu. Vituo vyenyewe sivitaji.

Cha kwanza. Asubuhi moja tulikuwa na mama mmoja mchuuzi wa dagaa studioni, anazungumzia ushuru wa soko. Alikuwa anaeleza vizuri, bila matusi: beseni moja linatozwa getini, linatozwa tena mezani, na risiti ni moja. Simu ya chumba cha mitambo ikalia. Sauti ikasema, “Zimeni hicho kipindi.” Mtayarishaji akauliza nani anazungumza. Sauti ikajibu, “Unajua,” ikakata. Mtayarishaji akaniangalia, nami nikashusha kipaza sauti cha studio nikapandisha wimbo. Mkono ulioshusha ulikuwa huu huu ninaoandikia. Yule mama hakujua. Aliendelea kuongea nyuma ya kioo, vifaa vya masikioni vikiwa vimemkaa upande juu ya mtandio, akihesabu kwa vidole: getini, mezani, getini, mezani. Dakika nne nzima alikuwa anasema na ukuta. Mpaka leo sijui aliyepiga simu alikuwa nani, na hakuna karatasi popote inayoonyesha kwamba siku ile serikali iliingilia utangazaji.

Cha pili kilitokea miaka michache baadaye, kituo kingine. Tulikuwa na habari ya vibarua wa kiwanda ambao walikuwa hawajalipwa miezi mitatu. Dakika kumi kabla ya saa mbili usiku, mwenye kituo alishuka ngazi mwenyewe, akaichukua karatasi mezani kwa msomaji, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Kiwanda kile kilikuwa kinatupa matangazo ya biashara. Hapakuwa na ofisa wa serikali hata mmoja ndani ya jengo.

Basi niambieni, mstari wenu wa tatu ungemfaa nani kati ya hawa? Yule mama hapana, maana aliyepiga simu hakutumia sheria yoyote ambayo mngeweza kuifuta. Vibarua nao hapana. Ungemfaa mwenye kituo, aliyekunja karatasi.

Ndiyo maana nasema mnapigana na adui wa upande mmoja tu. Siulizi serikali iingie hatua ngapi. Nauliza nani anaamua, ameandika wapi, na habari ile inamgusa yeye au haimgusi. Tazameni mambo yetu ya karibuni kwa swali hilo. Agosti 2016 waziri wa habari alizifunga redio mbili, moja ya Arusha na nyingine ya Dar es Salaam, kwa tangazo lake mwenyewe. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa kutangaza taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 2017. Aliyelalamikiwa katika taarifa ile ni dola. Na chombo kilichotoza faini, TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mwenyekiti wa bodi yake na makamu wake huteuliwa na Rais, na wajumbe wengine huteuliwa na waziri. Sisemi wajumbe wale ni watu wabaya. Hata malaika ukimpa kesi ambayo mdai ndiye aliyempa kiti, utakuwa umemwonea.

Na hata waliomo serikalini hawakusalimika. Machi 2017, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliingia usiku katika ofisi za Clouds, kampuni binafsi ya redio na televisheni, akiwa na askari wenye silaha. Waziri Nape Nnauye, yule yule aliyezifunga redio mbili mwaka uliotangulia, aliunda kamati, kamati ikafanya kazi yake na kumkabidhi ripoti. Siku iliyofuata akaondolewa uwaziri. Nilimhuzunikia siku ile, na bado namhuzunikia, kwa sababu safari hii alikuwa amefanya kama inavyotakiwa: alisikiliza, akaandika, akaweka hadharani.

Wenzetu wa Kenya wana jambo la kutufundisha, zuri na baya. Januari 30, 2018, televisheni za Citizen, NTV na KTN zilizimwa siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa “rais wa wananchi” Uhuru Park, Nairobi. Mahakama Kuu ikaamuru zirudishwe, lakini ilichukua siku kadhaa kabla skrini hazijawaka. Juni 25, 2025, mamlaka yao ya mawasiliano ilikataza kurusha maandamano moja kwa moja, mahakama ikalisimamisha agizo lile siku hiyo hiyo. Ubaya mnauona. Uzuri wa mara hii ya pili ni kwamba palikuwa na agizo lililoandikwa, ambalo wakili angeweza kulishika mkononi na kukimbia nalo mahakamani. Ile simu yangu ya chumba cha mitambo ningeikimbiza wapi?

Kwa makampuni mengine ni vivyo hivyo, na hapa nawajibu wale wawili wenu walioniuliza kuhusu serikali na hisa za makampuni. Mimi nilikuwa kijana mdogo mabenki yalipotaifishwa Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, na tulicheza ngoma barabarani. Mwaka 1971 yakafuata majengo, yale yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa fidia. Nilimjua fundi cherehani aliyekuwa amejenga ghorofa moja kwa miaka kumi na tano. Alihamia chumba cha uani cha jengo lake mwenyewe. Nia ya Azimio niliiamini na sijaacha kuiamini, ila siwezi kusema mtu yule alitendewa haki. Na benki ile ya taifa, NBC, ikaja kugawanywa mwaka 1997, kisha mwaka 2000 ikauzwa, serikali ikabaki na asilimia 30. Miaka thelathini na mitatu ya kwenda na kurudi.

Linganisheni na sheria ya mwaka 2016 iliyotaka makampuni ya simu yauze asilimia 25 ya hisa kwa wananchi kupitia Soko la Hisa. Nayo ni serikali kuingia kwenye kampuni ya mtu, na imeingia kwa nguvu. Lakini iliandikwa, iliyahusu makampuni yote ya simu, Vodacom ikauza hisa zake mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, na mwalimu wa shule ya msingi aliweza kununua. Mwenye kampuni alijua anachotakiwa kufanya, na alilipwa. Kuingilia kwa namna hiyo mimi sikuogopi.

Ving'amuzi navyo nivitaje, maana vimewaumiza watu wengi wasio na wakili. Mwaka 2018 chaneli za bure za nyumbani ziliondolewa kwenye ving'amuzi kadhaa vya kulipia, kwa hoja kwamba leseni zao haziruhusu kuzibeba. Hoja ya kisheria ilikuwapo. Lakini jirani yangu mjane ilimbidi anunue king'amuzi cha pili ili aone taarifa ya habari aliyokuwa akiiona jana yake. Rimoti mbili, zote amezivika nailoni zisiingie vumbi, na kila jioni humwita mjukuu amwonyeshe ipi ni ipi. Mamlaka iliyasikiliza makampuni, makampuni yakaisikiliza mamlaka. Mtazamaji hakuitwa kikaoni. Mkidai kitu, daini na kiti cha huyo bibi.

Kwa hiyo mstari wenu wa tatu napendekeza usomeke hivi: serikali iingilie utangazaji na makampuni kwa sheria iliyokuwapo kabla ya kosa, kwa barua yenye jina na sababu, na kwa uamuzi wa mtu ambaye habari hiyo au biashara hiyo haimgusi, na mwenye kituo naye afungwe na kamba hiyo hiyo anapoondoa habari. Hapo nitatia saini bila kupepesa.

Na msingoje sheria ibadilike. Leo hii nunueni kaunta buku moja kwa kila kituo, muifunge kwa uzi kwenye meza ya chumba cha mitambo. Simu yoyote ya kuzima, kupunguza au kuahirisha, iwe ya ofisa, ya mfanyabiashara au ya mwenye kituo, iandikwe humo: saa, namba, maneno kama yalivyosemwa, na jina la aliyepokea. Kisha mjibu kwa adabu, “Tunaomba barua, mzee.” Wengi hawataileta. Wanaopiga simu hawapendi kuandika. Atakayeleta, mtakuwa na karatasi, na rufaa dhidi ya TCRA inapelekwa Baraza la Ushindani. Si lazima muishie kulia kwenye makundi ya simu. Lakini daftari hilo litawabana na ninyi pia. Msomaji wenu akitukana kabila la mtu hewani, nalo liandikwe, kwa mwandiko ule ule.

Waraka wenu bado uko mezani kwangu, chini ya kopo la miwani. Mkishaurekebisha, mpeni dereva wa basi la asubuhi, ataniachia duka la vipuri pale stendi. Nitausoma siku hiyo hiyo na kuurudisha na basi la jioni. Na kama yupo kati yenu anayemfahamu mama mmoja wa dagaa, sasa atakuwa mtu mzima sana, aliyewahi kuja redioni kusema juu ya ushuru wa mabeseni, naomba mniambie anaishi wapi.

Mzee wenu wa mitambo