Kwa nini chupa yako inaelea kwenye tangazo

Ukiona chupa ya mawese kwenye tangazo na jicho likagoma kuamini kwamba imesimama mezani, tazama chini yake. Mara nyingi tatizo ni kivuli. Picha imepigwa vizuri, lebo inasomeka, mandhari ya nyuma imeondolewa, halafu kikawekwa kivuli cha kubofya mara moja. Kivuli hicho ni nakala ya umbo la chupa iliyosogezwa pembeni kidogo na kutiwa ukungu. Kwa maandishi, au kadi iliyobandikwa ukutani, kinafaa sana. Kwa kitu kilichosimama kinamwonyesha mteja wako ukuta nyuma ya chupa, hata kama umeweka picha ya meza.

Hapa studio kwetu Mwanga, Kigoma, kivuli tunakilaza kwa mkono. Tunakitenga kiwe leya, yaani tabaka la picha, peke yake chini ya leya ya bidhaa, kisha tunavuta pembe zake za juu kwenda upande usio na mwanga, huku kitako kikibaki palepale chupa inapogusa meza. Mwanga ukitoka nyuma kushoto, kivuli kinakuja mbele kulia na kutanuka kadiri kinavyomkaribia mtazamaji. Kikienda nyuma, kinasinyaa. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ina kichujio cha kazi hii kinachouliza pembe, urefu wa kivuli na umbali wa upeo wa macho. Ni mwanzo mzuri, ila kitako cha chupa ni cha duara, na ule mviringo unataka mkono wa mtu.

Urefu nao una hesabu yake. Jua likiwa digrii 45 juu ya upeo, kivuli kinalingana na kimo cha kitu. Likishuka hadi 30, kinafika karibu mara 1.7. Kwetu Kigoma jua linafika juu kabisa karibu saa saba mchana, si saa sita, kwa kuwa saa ya nchi inafuata longitudo ya 45 mashariki na sisi tuko karibu na ya 30. Picha ya saa saba ina kivuli kifupi kilichojikusanya kitakoni. Ukiihamishia kwenye mandhari ya ziwa wakati wa machweo, hata tukikichora kivuli kirefu namna gani, mwanga uliopiga kifuniko na mabega ya chupa bado utasema ni mchana. Piga saa nne asubuhi au saa kumi jioni.

Kingine ni weusi wenyewe. Kivuli halisi kimekolea pale kitu kinapogusa meza, kwenye ule mstari mwembamba, kisha kinapungua. Ukingo wake ni mkali karibu na kitako na unalainika kuelekea ncha, kwa sababu jua si nukta. Tukiliangalia kutoka duniani lina upana wa karibu nusu digrii. Kwa hiyo ukungu wa kiwango kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho unatoa kivuli cha uongo. Na rangi isiwe nyeusi tii: iache rangi ya meza ionekane.

Mawese yana habari yake, na ndiyo kazi tunayoipenda kuliko zote. Yakitulia, yanajitenga: chini yanaganda, juu yanabaki majimaji mekundu yanayopitisha mwanga. Basi nusu ya kivuli iliyo karibu na kitako inakuwa nzito, na kule mbele kunatokea wekundu wa machungwa juu ya meza. Wekundu huo tukiuweka, chupa inakuwa na mafuta ndani.

Kivuli hatukitozi pembeni, kimo ndani ya bei ya kusafisha picha. Tunachoomba ni picha nzima, kabla hujaikata, na kivuli chake cha asili kikiwepo, maana ndicho kinachotuonyesha mwanga ulikotoka. Itume WhatsApp kama dokumenti ili isipungue ubora. Kama bidhaa ni kadhaa kwenye bango moja, mawese, dagaa na asali, zipige zote mahali pamoja, muda mmoja. La sivyo tangazo litakuwa na majua mawili, na hapo inabidi zirudiwe. Kama huna picha, leta bidhaa zenyewe asubuhi, tutazipigia nje barazani.